Viganja Vyekundu kwenye Bati

Juzijuzi binti yangu aliingia ndani akinuka shimo. Sina namna nyingine ya kulisema. Nyuma ya vyumba vyetu hapa Busia walichimba mtaro wa kupitisha bomba, mvua ikanyesha ukajaa, naye akaenda kuchezea ukingoni mpaka gauni likalowa. Harufu ile naijua. Ni udongo mwekundu uliolala majini siku nyingi, inafanana na ladha ya msumari ukiuweka mdomoni. Nilimvua nguo palepale mlangoni.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake akichambua dagaa. Hakuinua hata uso. Alimwambia mtoto, kwa upole kabisa, asirudi kule kwa sababu maji yana mwenyewe, na huyo mwenyewe akishamchukua mtoto mmoja hulikumbuka jina lake.

Nikamwuliza ana maana gani.

"Maana unaijua," akasema. "Si mimi niliyempa mtoto jina la mtu wa maji."

Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Niliiweka chini taratibu, nikatoka nje, nikasimama pale uani. Wenzangu mliokulia Sikuda na Buteba na kandokando ya vijito vile, ninyi wa umri wangu, mnajua maneno hayo. Maji yana mwenyewe. Tuliyasikia kabla hatujajua kuhesabu. Mimi nimeyabeba tangu nikiwa na miaka tisa, na leo nataka kuyatua, na sitayatua kwa adabu.

Binti yangu anaitwa Ajambo. Dada yangu mdogo pia aliitwa Ajambo.

Babu yetu alipokufa, ardhi yake iligawanywa kwa kura. Waliandika kwenye vipande vya karatasi, wakavikunja, wakavitia ndani ya kofia yake mwenyewe, na kila mtoto wa kiume akachovya mkono. Baba alipata sehemu ya juu yenye mawe. Baba Mkubwa, kaka yake, alipata bonde karibu na kijito. Alinuna mwaka mzima kwa sababu bonde lile lilikuwa matope matupu, mpaka watu wa dhahabu walipokuja. Waliongozwa na jamaa mmoja kutoka Migori, mtu mfupi, mpole, aliyependa kututania sisi watoto kwamba kesho atatuoza kwa matajiri. Walichimba bondeni kwa sururu miezi na miezi. Lile shimo lao kubwa lilikwenda chini kiasi kwamba mtu akiingia na ngazi ya kamba ulimsikia akikohoa lakini humwoni. Kisha maji yakaanza kuwazidi, pampu ikafa, dhahabu ikasikika upande mwingine, wakahama.

Kabla hawajaondoka, yule mtu wa Migori alizungushia shimo mabati manane. Nilikuwepo. Alichovya kiganja chake kwenye kopo la rangi nyekundu, akakibandika katikati ya kila bati, kiganja kimoja kimoja, vidole vimetanuka. Nilimwuliza kwa nini haandiki. Akasema wengi hapa hawasomi, na mbuzi hawasomi kabisa, lakini mkono ulionyanyuliwa kila mtu anauelewa. Kisha akamwambia Baba Mkubwa, mbele yangu, kwamba mabati yale asiyaondoe mpaka shimo lifukiwe. Baba Mkubwa akasema sawa, hakuna neno.

Wakati huohuo shuleni tulikuwa na mwalimu kijana aliyetoka Tororo. Hakuwa na vitabu vya kutosha, basi alileta cha kwake, kinene, hakina jalada, chenye hadithi za Wagiriki wa zamani. Alitusomea kipindi cha mwisho, kwa Kiingereza kwanza, halafu anatueleza kwa Kiswahili cha sokoni. Hivyo ndivyo nilivyomjua Poseidoni, mungu wa bahari. Mwalimu alisema walikuwa ndugu watatu, baba yao aliposhindwa wakagawana dunia kwa kura. Mmoja akapata mbingu, mmoja kuzimu, Poseidoni akapata maji yote. Nilishangaa sana. Kumbe na miungu nayo inachovya mkono kwenye kofia. Kumbe na kwao kuna anayepewa bonde akanuna.

Na kweli alikuwa mtu wa kununa. Palikuwa na mji aliotaka uwe wake. Akapiga mwamba kwa silaha yake, maji yakaruka kutoka ndani ya jiwe, lakini yalikuwa ya chumvi, wenye mji wakamkataa wakamchagua mwingine. Kwa hasira akafurikisha mashamba yao. Mwalimu alisema ndiye pia anayetikisa ardhi. Kisha akazungusha kitabu ili tuone picha: mzee wa ndevu, kifua wazi, nywele kama majani yaliyolowa, na mkononi ameshika jembe la meno matatu. Mwalimu alisema si jembe, ni silaha. Mimi nilinyamaza kwa heshima, lakini jembe la meno nalijua nikiliona. Letu liliegemezwa nyuma ya jiko kila siku.

Nililichora lile zee kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Mama alipouliza ni nani, nikasema ni mwenye maji. Mama akacheka, akasema mwenye maji huyu aje basi anichotee, mgongo unaniuma. Mnaona namna mambo yanavyojipanga. Nyumbani tulikuwa na mwenye maji wetu, asiye na sura, anayetajwa tu mtu akifa mtoni. Mimi nikampa sura kutoka kitabuni, na jembe letu mkononi.

Baada ya hapo tukawa na mchezo, mimi na Ajambo. Alikuwa na miaka sita, pengo mbele, mbishi kuliko mbuzi. Mimi ndiye niliyekuwa Poseidoni daima, kwa sababu nilikuwa mkubwa na jembe lilikuwa zito. Yeye alikuwa wenye mji. Nilipiga chini nikasema maji njoo, naye anatakiwa kusema hatukutaki. Tulicheza nyuma ya nyumba, halafu kwenye kichuguu, halafu siku moja ya kiangazi tukateremka bondeni. Tulikuta mabati hayapo. Sikujiuliza yamekwenda wapi. Nilifurahi tu kwamba sasa tunaweza kuchungulia. Shimo lilikuwa na maji kidogo kule chini kabisa, meusi, yanang'aa kama jicho la kuku. Nilisimama ukingoni nikapiga ardhi mara tatu. Maji njoo. Ajambo akasema hatukutaki, na shimo likamrudishia sauti yake, tukakimbia huku tukicheka.

Siku ya pili mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kunyesha ikaisha. Ilikaa. Karanga za Mama, ambazo zilikuwa tayari kung'olewa, zikaanza kuota palepale udongoni. Kila asubuhi Mama aling'oa shina moja, akalitazama, akalitupa. Siku moja alisema, hata hasemi na mtu, "Nani atairudisha mvua hii?" Mimi nilisikia nikaogopa, kwa sababu nilijua nani aliyeiita. Ajambo alisikia akaanza kuwaza.

Mvua ilipopumzika tulitumwa mboga kando ya kijito. Tulipofika njia ya bondeni niliona Ajambo amebeba jembe la meno. Alikuwa amelificha kichakani kando ya njia tangu asubuhi, na sasa analiburuta kwa mikono miwili, meno yanachora mistari mitatu kwenye tope.

"Leo zamu yangu," akasema.

Nikamwambia hajui maneno.

"Najua. Wewe unasema njoo. Mimi nitasema rudi."

Ningeweza kumnyang'anya lile jembe. Nilikuwa na nguvu za kutosha. Lakini nilitaka afanikiwe, eleweni hilo. Nilitaka mvua irudi ilikotoka na Mama asijue kamwe kwamba ni mimi. Basi nilimwacha. Shimo lilikuwa limejaa mpaka juu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, huwezi kujua kama yana kina au ni dimbwi tu. Alisimama akainua jembe mpaka begani, likampeleka kidogo nyuma, akapiga. Rudi. Akapiga tena. Safari hii ule ukingo aliousimamia ulikaa chini, ndivyo nilivyoona, kama mtu mzima anavyojikalisha akiwa amechoka, na yeye juu yake, na jembe mkononi. Hakupiga kelele. Mpini ulibaki ukichungulia nje ya maji kidogo, kisha nao ukaondoka.

Watu walikuja na kamba na miti mirefu. Walimpata jua likiwa limepinda. Kwetu mtu akizama hakuna kulia mpaka atolewe, wanasema kilio kinamfanya mwenye maji amfiche zaidi. Kwa hiyo Mama alikaa kwenye majani yaliyolowa, ameuma pembe ya leso yake, macho yamemtoka, saa baada ya saa, na wanawake wamemshika mabega asije akatoa sauti. Nimezaa sasa. Najua walichomtendea. Na mtu wa maji, yaani aliyezama, haingizwi ndani ya nyumba. Ajambo alizikwa kando ya migomba, mbali na mlango, bila kupitishwa hata uani alipokuwa akicheza.

Baada ya maziko wanaume walikaa, wakatuita na sisi. Baba Mkubwa ndiye aliyesimama, kwa kuwa ndiye mkubwa na bonde ni lake. Alisema maji hayamchukui mtu bure. Mahali fulani mtu ameyachokoza. Mtu huyo ajitokeze ili nyumba isafishwe, la sivyo mwenye maji atarudi kwa mwingine. Alisema hivyo akiwatazama watu mmoja mmoja, na mimi nilikuwa na mdogo wetu wa kiume mapajani, bado ananyonya. Nikamwangalia kichwa chake. Nikasimama.

"Ni mimi."

Baba Mkubwa akanigeukia. "Ulifanya nini?"

"Nilipiga chini kwa jembe. Nikasema maji njoo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Niliona kitu kikitulia usoni pake. Nilidhani ni huruma. Sasa ninajua ni nini: ni uso wa mtu aliyetua mzigo akaona kuna mtoto wa kuubeba. Akawageukia watu. "Mmesikia. Mimi sikumtaja. Amesema mwenyewe."

Mama aliinuka akasema huyu ni mtoto, alikuwa anacheza.

"Mama Nabwire, keti," Baba Mkubwa akasema, akimwita kwa jina langu.

Mama akamtazama Baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mama akaketi.

Alinunuliwa kondoo mweupe. Nikafungiwa naye ndani ya banda la mbuzi la Baba Mkubwa, tangu asubuhi mpaka wazee wakusanyike, kwa sababu aliyechokoza na atakayelipa wanatakiwa kukaa pamoja. Banda lilikuwa jipya. Kondoo alikuwa anahema kwa woga, na mimi vilevile. Nilikaa kwenye kona nikajiegemeza, nikainua macho, nikaiona mikono.

Viganja vyekundu, vinane, vimetanuka juu ya kichwa changu, vinaniangalia kutoka darini.

Hebu jaribuni kuwa na miaka tisa. Sikuona mabati. Niliona mikono ya mwenye maji. Amenifuata kutoka shimoni, amesimama juu ya banda, ameushika uso wa dunia kwa viganja vyake vyote, anangoja nitoke. Nilimwomba. Nilimwambia kwa Kisamia, kisha kwa Kiingereza cha shuleni kwa kuwa labda cha kwetu hakijui, kwamba amchukue kondoo, amwache mtoto anayenyonya. Nilijikojolea. Waliponifungulia nilikuwa nimemkumbatia yule kondoo shingoni, ikabidi watutenganishe.

Alichinjiwa shimoni, damu ikaingia majini. Nyama ikapikwa ikaliwa. Nilipewa ini, kwa kuwa ndimi niliyesababisha, na nikalila lote wakinitazama. Shimo lenyewe hawakulifukia. Ndiyo, mmesoma vizuri. Walililisha kondoo wakaliacha wazi vilevile.

Mimi nikapelekwa kwa bibi mzaa mama, kule Iyolwa, ili nisionekane karibu na kijito. Bibi alikuwa mwema, hakuniuliza lolote. Lakini kulikuwa na siku ambazo walilipua mawe upande wa mjini Tororo, na upepo ukitoka huko vikombe vyake vilitetemeka kabatini kidogo tu, ting ting. Mwalimu alishasema nani anayetikisa ardhi. Niliingia chini ya kitanda kila mara, nikasema nipo, nipo, sijatoroka. Bibi alidhani naogopa mlio. Nilikua hivyo. Shangazi akanichukua upande wa Kenya, nikasoma sekondari huko, nikafaulu Kiswahili na kuanguka hesabu, na miaka yote hiyo nilijua jambo moja kunihusu: nilimwita, akaja.

Nilipokuwa na mimba nilikwenda kumwona Mama. Baba alikuwa ameshafariki. Nikamwambia, mtoto akiwa wa kike nitamwita Ajambo, nijue nani atanizuia. Nilitegemea atakataa. Kwetu jina la mtu wa maji halirudiwi. Mama aliacha kupembua karanga, akauweka ungo chini.

"Basi ujue kwanza," akasema. "Yale mabati Baba yako Mkubwa aliyaezekea banda la mbuzi. Na ngazi, aliyeishika ni baba yako."

Nilikuwa naona dari ya lile banda. Naona viganja. Sikuona tena mungu yeyote, niliona mtu mfupi kutoka Migori akichovya mkono kwenye kopo. Simameni hapo, msipite. Alituachia mikono minane kutuzuia, na ndugu wawili wakaipandisha juu ili mbuzi wasilowe.

Nikamwuliza Mama waliokuwa wanajua ni wangapi.

"Wote. Banda si kitu cha kuficha."

Na yeye kwa nini alikaa alipoambiwa keti?

"Ningekwenda wapi na ninyi?" akasema, na akaanza tena kupembua. Nimejaribu kumsamehe. Kuna siku ninaweza. Siku mvua ikinyesha siwezi.

Sasa rudini kwa juzijuzi, na dagaa, na mama mkwe wangu. Kesho yake nilimfunga binti yangu mgongoni ingawa ameshakua, tukavuka mpaka, tukapanda bodaboda mpaka Sikuda. Baba Mkubwa alikuwa nje anapukuchua mahindi. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa. Alifurahi kutuona. Aliuliza jina la mtoto, nikamwambia, mikono yake ikasimama kwenye gunzi.

Nilimwuliza kuhusu mabati. Hakukana. Alisema yule mtu alikwenda zake, mabati yalikuwa yanakaa bure, na mvua ilikuwa karibu. Alisema lile shimo waliokuja kuchimba jirani walishalifukia siku nyingi kwa kifusi chao, basi maneno ya nini tena. Kisha akasema lile alilokuwa ameliweka kifuani miaka yote hii.

"Lakini ulisema mwenyewe. Mbele ya watu."

"Nilikuwa na miaka tisa, Baba Mkubwa."

"Ulisema."

Nilimketisha mtoto kwenye kigoda mbali na banda. Niliazima nyundo kwa jirani, naye jirani hakuuliza ya nini, alinipa tu akabaki mlangoni kwake akitazama. Nilipanda juu ya gogo nikang'oa misumari ya bati la ukingoni, mmoja mmoja, mbuzi wanalia chini yangu. Baba Mkubwa aliniita kwa jina langu mara mbili. Sikugeuka. Alisema mvua itaingia. Nikamwambia ndiyo, itaingia.

Bati lile tulilifunga ubavuni mwa bodaboda na kamba za mpira, likapiga kelele njia nzima. Mpakani walitucheka. Sasa limesimama nyuma ya vyumba vyetu, mbele ya ule mtaro. Rangi haikupauka kwa sababu upande ule haukuonja jua. Mama mkwe alilitazama, akaingia ndani, hajasema neno lolote kuhusu mwenye maji tangu siku hiyo.

Ajambo anapenda kuweka mkono wake juu ya kile kiganja. Vidole vyake vinaishia katikati ya vidole vile. Aliniuliza ni mkono wa nani, nikamwambia ni wa mtu aliyetaka watoto wasipite. Akauliza kama mimi na mama mdogo Ajambo tuliuona. Nikamwambia ulikuwa umeondolewa.

Akauliza nani aliuondoa.

Nikamtajia majina yao. La babu yake pia.